Mkebe wa Spea Miguuni Pangu

Mafundi wote waliowahi kufungua boneti la gari la marehemu mume wangu nawakumbuka kwa majina, wao na mama zao na mitaa waliyozaliwa. Majina hayo hapa sitayaweka. Aliye hai atajijua, na aliyekufa mwacheni alale. Nitasema tu fundi, na mwanangu, na wifi yangu, na bwana wa hoteli. Wanne hao wanatosha, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye sikumshuku.

Gari lenyewe ni kuukuu. Rangi yake ni ya maziwa yaliyoguswa na chai, pua ndefu, na viti vya ngozi vilivyopasuka nikavishona kwa mkono wangu kwa uzi wa kushonea viatu. Mume wangu alilipata mwanangu hajaota meno. Binti zangu wote walipelekwa ukumbini ndani ya gari hilo, wamefunikwa shela, na yeye baba yao akiendesha polepole kama aliyebeba mayai. Alipofariki halikuuzwa. Mwanangu akashika usukani, mimi nikabaki palepale nilipokuwa siku zote, kiti cha mbele upande wa abiria, na mkebe wa spea miguuni pangu.

Mimi naishi Likoni. Magoti yangu yamechoka, matatu siwezi tena kupanda, na mtu wa kunibeba mgongoni hayupo. Kwa hiyo gari lile ndilo miguu yangu. Mgonjwa nitamwendea nalo, mzazi aliyejifungua nitampelekea uji nalo, hitima nitahudhuria nalo. Bila hilo mimi ni sawa na kiti cha barazani. Watu hupita wakakisalimu, wakaenda zao.

Ndiyo maana maneno aliyoniambia mwanangu mwaka huu yalinichoma. Aliniambia tukiwa tumekaa jikoni, anakula mahamri yangu, yaani hata aibu hana.

"Mama, nimechoka kuaibika njiani. Harusi ya mjukuu wako tutalitumia, kwa sababu wewe umeshaahidi. Lakini siku hiyo likizima na watu ndani, nalitoa kwa yule bwana wa hoteli anayelitaka. Usinililie."

"Na nikikulilia?"

"Nitakununulia leso ya kufutia machozi."

Nikamnyang'anya sahani ya mahamri. Lakini nilijua hatanii.

Sasa niseme habari ya mkebe. Ni mkebe wa biskuti, wa bati, picha zake zimefutika. Mume wangu hakutoka nyumbani bila huo mkebe, hata kama anakwenda msikitini tu. Ndani mlikuwa na mambo ya moto wa gari, na maana yangu ni ule moto mdogo unaoruka ndani ya injini likawaka. Plagi mbili zilizokwisha tumika. Pointi, vile vijimeno viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kondensa, kidubwana cha ukubwa wa kokwa la tende. Rota. Koili nzima, imefungwa kwa kipande cha kanga. Waya, mkanda wa feni, msasa, bisibisi, kitambaa kikavu. Mimi shule yangu ni chuo cha Kurani na madarasa machache, lakini vitu hivyo nilivijua kwa kumpokeza mume wangu. Yeye yuko chini ya boneti, mimi dirishani, ananyoosha mkono: "Nipe kondensa." Nampa kondensa. "Nipe msasa." Nampa. Mtu ukipokeza miaka yote hiyo hata ukiwa kipofu utajua.

Na alikuwa na sheria zake. Ya kwanza ni kwamba spea mpya haiingii mkebeni mpaka ifungwe garini, itembee, irudi salama, ndipo ifunguliwe iwekwe. Alikuwa akisema, "Spea isiyojaribiwa ni mgeni, hujui tabia yake." Siku hizi ndiyo zaidi. Spea za sasa zinameta kuliko zinavyofanya kazi. Unanunua kondensa dukani ndani ya kijikaratasi kizuri, ukiifunga inakufa kabla hujamaliza kumshukuru muuzaji. Ile kuukuu iliyokwaruzika ndiyo hukufikisha nyumbani.

Ya pili, gari likizima, badilisha kitu kimoja tu, ujaribu. "Ukibadilisha viwili kwa pamoja," alisema, "hutajua mwizi alikuwa nani."

Ya tatu ilikuwa juu ya wezi wenyewe. Kila jioni alifungua vibanio viwili vya kile kifuniko cheusi chenye waya nyingi, kile kinachogawa moto kwenda kwenye plagi, akachomoa rota, akailaza ndani ya kofia yake. Gari bila rota haliendi popote hata uwe na funguo za dunia nzima. Tukilala kwa dadake, yaani wifi yangu, kule Changamwe, hiyo rota alimpa yeye aifungie kabatini kwenye vikombe vya wageni. Alfajiri wifi yangu ndiye aliyekuwa akitoka kwenda kuirudisha, maana alipenda kushughulikia gari la kakake. Hilo likumbukeni.

Balaa lilianza kabla ya maneno hayo ya mwanangu, siku tuliyokwenda arobaini ya jamaa yetu Kisauni. Tulitoka Likoni tukapita barabara mpya ya Dongo Kundu, gari linaimba, halikohoi. Tukafika Changamwe kumchukua wifi yangu. Ni desturi yetu, hapitwi. Yeye ni mkubwa kwangu, na hakuna shughuli ya ukoo ataachwa. Na kwake huingii ukatoka hivi hivi. Kahawa, kaimati, na maswali. Mwanangu alifungua boneti gari lipoe, kama alivyofundishwa na babake, tukaingia ndani tukanywa. Tukatoka, likawaka, ingawa kwa kusitasita. Kufika Kibarani likakohoa kama mzee aliyepaliwa, likazima.

Mwanangu akampigia simu fundi. Huyu fundi gereji yake iko mtaa uleule wa wifi yangu, ukuta kwa ukuta karibu. Ni mtu wa bara, hana makuu, lakini ananiita shosho, neno la kwao la bibi kizee.

"Shosho, usijali. Nakuja na nduthi."

"Mimi si shosho wako. Mimi ni bibi wa watu."

"Sawa, shosho."

Akaja na pikipiki yake, akafungua kile kifuniko cheusi, akakifuta kwa tambara, akachungulia. Kisha akaniomba kondensa mkebeni, akatoa ile ya garini akaitia mfukoni. "Hii imekufa," akasema. Akafunga yangu ya akiba, gari likawaka papo hapo kama halikuwa na neno.

Watu wote walimshukuru. Mimi nilitazama mfuko wake. Kondensa ile mume wangu aliifunga kwa mkono wake, na nilikuwa nimeichora kwa msumari ubavuni niijue. Kitu kilichofanya kazi miaka yote hiyo kife asubuhi moja, halafu mtu akitie mfukoni badala ya kukitupa? Mimi sikuzaliwa jana.

Mara ya pili tulikwenda kumwona mzazi, Mishomoroni. Safari ni ileile. Likoni mpaka Changamwe gari salama, boneti juu, kahawa, kaimati, wifi yangu akaingia nyuma na kikapu chake. Likazima kwenye kupanda daraja la Nyali, na nyuma yetu magari yamejipanga mpaka sijui wapi. Dereva mmoja wa lori akatoa kichwa.

"Bibi, hilo peleka makumbusho!"

"Na huo mdomo wako upeleke ukaoshwe," nikamwambia, "kisha uje unipe shauri."

Watu walicheka, lakini mwanangu hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya barabara, shati limelowa, uso umekunjamana. Fundi akaja, akafungua kifuniko, akafuta, akachungulia. Safari hii akasema ni pointi. Mkebe wangu ukatoa pointi. Likawaka papo hapo.

Nikajiuliza moyoni, vipi mtu huyu kila akigusa linawaka? Ugonjwa gani huu unaomwogopa daktari mmoja tu? Na vipi gari halizimi Likoni, halizimi sokoni, halizimi likienda kuoshwa, lazima lipite mtaa wake kwanza? Sisi tuko ndani tunakunywa kahawa, boneti liko wazi, na yeye yuko ng'ambo ya ukuta na bisibisi mkononi. Jambo hili halikutaka msomi.

Kisha akatokea bwana wa hoteli. Alikuja mpaka Likoni, shati jeupe limepigwa pasi, na halua ndani ya kikapu kidogo cha ukindu. Akasema hoteli yao iko Bamburi, pwani kabisa, na gari kama letu wangeliweka pale mlangoni, wajaze maua, wageni wapige picha.

"Maua ndani ya gari?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Litapendeza sana. Tutaitoa injini kwanza, lisivuje mafuta."

Kama angesema watamtoa maini mume wangu ningeudhika vilevile. Nikamwambia kwa adabu kwamba gari haliuzwi. Akatabasamu.

"Nimesikia linawasumbua njiani."

"Umesikia kwa nani?"

"Mombasa ni ndogo, mama."

Wiki hiyohiyo, tukipita Changamwe, nikamwona kwa macho yangu amesimama gerejini na fundi, wanazungumza, fundi anacheka. Sikumwambia mtu. Halua yake niliiweka kabatini na sikuionja, sijui ameitia nini. Nilianza kumtazama hata mwanangu. Yeye ndiye anayefungua boneti. Yeye ndiye anayempigia simu fundi. Mtu aliyechoka na gari hushindwa nini kukubali lichoke?

Nikachukua kigoda, nikamwambia mwanangu anifikishe gerejini. Nilisema nataka gari likaguliwe kabla ya harusi. Nikaweka kigoda pale pale kwenye vumbi, kivuli changu kikaangukia mikono ya fundi.

"Shosho, utaungua jua."

"Nimezoea."

"Kwani unaniogopa?"

"Naogopa Mungu. Wewe nakutazama tu."

Akacheka, akafanya kazi yake. Akasafisha plagi, akapima koili, akabana waya moja moja. Akaniambia haoni ubaya wowote, ila kila akikuta limezima njiani hukuta unyevu ndani ya kifuniko cheusi, na hajui unatoka wapi. "Hii hewa ya bahari, labda," akasema. Nikamwambia bahari ilikuwepo tangu enzi za mume wangu na gari halikuzima. Akarudi kwenye waya zake. Mimi nikaona ananikwepa.

Nikamuuliza habari ya kondensa yangu iliyoingia mfukoni mwake. Akasema iko mahali, ataitafuta. Iko mahali! Hata maiti iko mahali.

Siku ya harusi nilitoka barazani alfajiri, nikaketi mbele ya gari na tasbihi yangu. Paka hakupita bila mimi kumwona. Mwanangu akaja na funguo.

"Mama, umelala hapa?"

"Leo boneti halifunguliwi na mtu mimi sipo."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaingia. Mkebe nikaupakata, miguuni niliona ni mbali. Mpango ulikuwa twende Changamwe tumchukue wifi yangu, maana yeye ndiye angemvisha mjukuu wetu dhahabu za ukoo. Kisha Mishomoroni tumchukue bibi harusi mwenyewe, tumfikishe ukumbini Bamburi. Likifika, limebaki kwetu. Likizima, maua.

Tukavuka Dongo Kundu. Gari halikukohoa. Tukafika Changamwe, mwanangu akafungua boneti, wifi yangu akatoka mlangoni na harufu ya kahawa nyuma yake.

"Karibuni, karibuni! Wifi, shuka."

"Leo sishuki, wifi. Magoti."

"Magoti gani? Ndoo, ingia ndani, kahawa i tayari."

"Mletee mwanangu, mimi nimeshiba."

Alisita kidogo, kama mtu aliyeharibiwa hesabu, kisha akamshika mwanangu mkono wakaingia. Nikabaki. Marehemu alisema badilisha kitu kimoja tu. Safari zote hizo sikuwa nimebadilisha hiki, kukaa ndani ya gari wakati wenzangu wanakunywa. Nikateremka chini kidogo kitini, nikajitanda buibui mpaka puani, nikangoja fundi aje.

Boneti la gari lile hufunguka kuelekea kioo cha mbele, kwa hiyo ukiwa kitini huoni njia, unaona bati tupu. Lakini chini yake hubaki mwanya, wa upana wa viganja viwili hivi, na kupitia mwanya huo unaiona injini vizuri, na kile kifuniko cheusi na waya zake. Macho yangu ya mbali bado ni mazima, alhamdulillahi.

Nikasikia kandambili. Taratibu, zinaburura. Nikasema moyoni, ndiye huyo. Nikashika bisibisi mkebeni. Sijui nilitaka kufanya nini nayo.

Mkono ukaingia kwenye mwanya. Ulikuwa na hina.

Hina mbichi ya jana, ya harusi, maua mpaka kwenye kifundo, na bangili ya dhahabu ambayo naijua kwa sababu ilikuwa ya mama mkwe wangu. Vidole vikafungua vibanio viwili vya kifuniko cheusi bila kupapasa, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake. Kisha mkono wa pili ukaja na kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, ukamimina kwa upole, matone, huku nikisikia mtu anasoma kwa sauti ya chini. Akamaliza, akapulizia. Akafunga vibanio. Kandambili zikarudi ndani.

Harufu ikanifikia mimi pale nilipo. Marashi ya waridi.

Lilikuwa kombe. Aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi. Mgonjwa hunywa, mwenye kuonewa husuda hunyunyiziwa. Wifi yangu alikuwa akilifanyia gari dawa. Na sote tulilelewa hivyo, maji ya kombe hayamwagwi pakanyagwapo. Huwezi kuyatia kwenye magurudumu, huwezi kuyamwaga kwenye sakafu ya gari watu waweke viatu. Lazima upate mahali pa juu, safi, palipofunikwa. Na yeye mahali pa juu na pasafi alipopajua ndani ya gari la kakake ni pamoja tu, pale alipokuwa akirudisha rota alfajiri.

Nilikaa nimeduwaa. Kisha nikaona sina nafasi ya kuduwaa, watu wako kikombe cha mwisho.

Nikafungua mlango, nikashuka, magoti yakalia, nikayaacha yalie. Nikatoa kitambaa kikavu cha marehemu. Nikafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na matone ya manjano kwenye vichwa vile vya shaba, na rota imelowa kama ulimi. Mkononi mwangu maneno ya Mungu na moto wa gari, na havikutaka kukaa chumba kimoja. Nikasema bismillahi, nikafuta. Nikafuta kila kona, nikapeperusha kwa ncha ya buibui, nikaibadilisha rota nikatia ile kavu ya mkebeni. Kitambaa sikukitupa. Nilikikunja nikakilaza mkebeni juu kabisa, kisiguswe na mguu wa mtu. Nikafunga vibanio, nikarudi kitini, pumzi zinanipanda.

Wakatoka. Wifi yangu akaketi nyuma, akaweka kikapu magotini, akanitazama kwenye kioo. Mimi nikamtazama. Mwanangu akawasha.

Likawaka mara moja.

Kibarani ikapita, nikamsikia wifi yangu anashusha pumzi. Makupa. Mjini, foleni, jua linachoma, mwanangu anagonga usukani kwa vidole. Kwenye daraja la Nyali tukapanda polepole nyuma ya lori la maji, nikafumba macho, na nilipoyafumbua tulikuwa ng'ambo. Mishomoroni wanawake walilipokea gari kwa vigelegele kabla hata ya kumtoa mwali. Mjukuu wangu akaingia, shela limejaa kiti kizima, akanishika bega kwa nyuma.

"Bibi, litafika?"

"Litafika, mwanangu. Usinitingishe."

Likafika. Mwanangu alizima injini uani pa ukumbi, akaegemea kiti, akacheka peke yake. Wakamteremsha mwali, vigelegele tena, ngoma, udi. Wifi yangu na mimi tukabaki ndani ya gari kungoja watu wapungue mlangoni, yeye nyuma, mimi mbele.

"Leo halikuzima," akasema.

"Halikuzima."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

Akarekebisha kikapu magotini. Nikafungua mkebe, nikamfunulia kitambaa. Harufu ikajaza gari. Akainama kukinusa.

"Kumbe ulikuwamo," akasema.

"Nilikuwamo."

"Sasa nikuulize, wifi yangu," akasema yeye, "na leo ni siku njema, uniambie kweli. Mbona kila nikipanda mimi gari la kakangu lazima lizime? Wewe ukipanda Likoni laenda. Nikipanda mimi, puu. Nimelia mimi. Nikasema wifi hanitaki garini. Ana kidude chake mle mkebeni, huko miguuni, anakifinya nikiingia, nione aibu nisirudi tena. Kombe nililianza kwa kuogopa jicho la watu tu, nikatia, likazima. Nikasema halijatosha. Nikazidisha."

Nilishindwa kucheka na nilishindwa kukasirika. "Mimi?" nikasema. "Nilizime mimi? Mtoto anataka kulitoa liwekwe maua mimi nilizime?"

"Maua gani?"

Hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia habari ya bwana wa hoteli, mimi nilikuwa nimemficha hata yeye nikingoja kumkamata mtu. Nikamweleza. Nilipofika kwenye kutolewa injini alijipiga kifua.

"La haula! Gari la kakangu?"

"La kakako."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nikilinywesha!"

"Wifi, maneno ya Mungu hayana kosa. Maji ni maji. Pale ni nyumba ya moto, hapataki hata jasho."

Akakigusa kile kitambaa kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna mahali ndani ya gari panapotaka maji, pa juu, safi, pasipokanyagwa na mtu. Nikamwambia pako. Rejeta. Kifuniko kiko juu, ndani ni maji matupu, na yakiingia hayatoki. Ila asubuhi gari likiwa baridi, maana likiwa moto litamrushia usoni.

Tangu siku hiyo kombe linatiwa kwenye rejeta, na mimi nasimama kando nione limeingia hapo na si kwingine. Yeye naye akiingia garini huniambia nifungue mkebe achungulie. Namfungulia. Anagusa kitu kimoja kimoja, anauliza hiki ni nini, hiki kinafinywa vipi.

Mwanangu hakusema tena habari ya kuuza. Fundi alinirudishia kondensa yangu. Ilikuwa ndani ya chupa ya misumari, juu ya rafu, na alisema alijua nitaiulizia tena. Nilivaa miwani nikatafuta alama yangu ya msumari ubavuni. Ipo. Niliifunga garini tukaenda nayo hadi Kisauni na kurudi kabla sijairudisha mkebeni, kwa kuwa imelala nje ya nyumba yangu muda wote huo.

Na bwana wa hoteli naye hajakata tamaa. Juzi ametuma halua nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, ikaletwa Changamwe wakati mimi niko pale. Tuliifungua, mimi na wifi yangu, tukaiweka kati yetu kwenye sahani. Imeiva vizuri, inang'aa kwa samli, iliki inanukia.

"Haya, anza," nikamwambia. "Wewe ndiye mkubwa."

"Anza wewe, wifi. Wewe ndiye mgeni."

Kahawa ikapoa, na halua bado nzima.